Maswali ya Wasomaji: Kuimba Pamoja Tukiwa Mbalimbali

Barua nyingi zilizofika mwezi huu zimetoka Moshi na Arusha, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: onyesho mubashara litaandaliwaje ikiwa wasanii hawako mahali pamoja, au watazamaji wako mbali na jukwaa? Nimechagua chache na kuzifupisha. Barua ya mwalimu wa kwaya nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake ndimo kilipo kiini cha suala lote.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, Majengo, Moshi. Wanakwaya wangu wametawanyika: wengi wa sauti ya tatu wako Arusha kikazi, wengine wanasoma Dar es Salaam, na mpiga kinanda wetu yuko Ujerumani. Tulijaribu kuimba pamoja kupitia mkutano wa video. Wimbo ulianza vizuri, lakini kila ubeti ukawa mzito kuliko uliotangulia, hadi mwisho tukawa tunaburuza, na kila mmoja anadai kwamba mwenzake ndiye anayechelewa. Je, tatizo ni intaneti yetu au ni sisi wenyewe?

Mwalimu, waimbaji wako hawana kosa, na hata mngenunua kifurushi kikubwa zaidi wimbo ungeendelea kuburuzika. Fuatilia noti moja tu. Mwimbaji wa Moshi anaitoa. Wa Arusha anaipokea ikiwa imeshachelewa kidogo, anaingia nayo kwa uaminifu kabisa, na sauti yake inarudi Moshi ikiwa imebeba ucheleweshaji wa safari mbili. Wa Moshi, kwa kuwa amefundishwa kumsikiliza mwenzake, anapunguza mwendo ili wakutane. Wa Arusha anasikia mwendo umepungua, naye anapunguza. Kila upande unamngoja mwenzake kwa adabu, na wimbo unazama. Kadiri kwaya inavyosikilizana vizuri, ndivyo inavyozama upesi.

Waliochunguza muziki wa mtandaoni huweka mpaka kwenye milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 25 hadi 30 hivi kwa safari ya upande mmoja. Zaidi ya hapo, watu wanaojaribu kwenda pamoja kwa kusikilizana huanza kuyumba. Si muda mdogo kama unavyoonekana. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mwenzako aliyesimama mita 10 kutoka ulipo unamsikia baada ya milisekunde 29. Ndiyo sababu makundi mawili yaliyokaa ncha mbili za kanisa kubwa hufuata mkono wa mwalimu kuliko masikio yao.

Sasa tazama barabara ya kutoka kwako hadi Arusha, kilomita 80 hivi. Mwanga ndani ya nyaya za faiba hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, maana yake umbali huo hautumii hata nusu milisekunde. Umbali basi hauna lawama. Ucheleweshaji unaongezeka njiani kidogo kidogo, katika vituo ambavyo mtumiaji havioni. Kompyuta hukusanya sauti kwanza kabla ya kuipeleka. Programu huikata vipande; Opus, mfumo wa kufungasha sauti uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012 na unaotumiwa na vivinjari vyote vikuu, kwa kawaida hukata vipande vya milisekunde 20. Mnara wa simu huongeza makumi ya milisekunde, tena yanayopanda na kushuka. Upande wa pili, programu huweka akiba ndogo ili kuvisubiri vipande vilivyochelewa. Na kama waimbaji wako walivaa hedifoni za Bluetooth, hizo peke yake huweza kuongeza milisekunde 100 na zaidi.

Kuna pia suala la seva. Mikutano ya video yenye watu wengi kwa kawaida hupitia seva ya kati, yaani kompyuta inayopokea sauti za wote na kuzisambaza, na seva hiyo huenda iko Ulaya ingawa ninyi mko Kilimanjaro na Arusha. Tukichukulia njia ya kilomita 8,000 ndani ya mkongo wa baharini, sauti itatumia milisekunde 40 kwenda na 40 nyingine kurudi, bila kuhesabu kituo kingine chochote. Hapo mmeshauvuka mpaka kabla ya mtu kufungua kinywa.

Jambo jingine, ambalo nadhani liliwaumiza kuliko mlivyojua, ni kwamba programu za mikutano zimeundwa kwa ajili ya mazungumzo, ambamo mtu mmoja husema na wengine hunyamaza. Zinaondoa mwangwi, zinafuta kelele, na zinapandisha na kushusha sauti zenyewe. Kwaya inapoimba, programu husikia sauti mbili kwa wakati mmoja na kudhani kwamba moja ni mwangwi wa nyingine, basi inaiminya. Kayamba inahesabiwa kuwa kelele. Noti ndefu inayoshikiliwa bila kubadilika inafanana na mngurumo wa feni, nayo inafifishwa. Katika Zoom upo mpangilio wa sauti halisi kwa ajili ya wanamuziki ambao huzima sehemu kubwa ya usafishaji huo, na mnapaswa kuuwasha hata kwa mazoezi ya kawaida, kila mtu akiwa na hedifoni za waya ili sauti ya spika isirudi kwenye maikrofoni.

Mfanye nini, basi? Zipo programu zilizotengenezwa mahususi kwa wanamuziki wanaotaka kupiga pamoja kwa wakati uleule: Jamulus, SonoBus, na JackTrip iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Ili zifanye kazi vizuri, zote huhitaji kompyuta iliyounganishwa na intaneti kwa waya, maikrofoni yenye kadi yake ya sauti, na hedifoni za waya. Katika hali hiyo Moshi na Arusha mnaweza kuimba pamoja kwelikweli, hasa mkiifungua seva ya Jamulus kwenye kompyuta mojawapo ya huku kwetu badala ya kujiunga na ya ng'ambo. Dar es Salaam inawezekana pia, mkipata faiba pande zote. Ujerumani haiwezekani, na asiwepo mtu wa kuwauzia kifaa kwa ahadi kwamba itawezekana, kwa kuwa hakuna kifaa kitakachoufanya mwanga ukimbie zaidi.

Kwa hali yenu, njia ninayoipendekeza ni nyingine: sauti iende upande mmoja tu, kama mnyororo, wala isirudi. Mpiga kinanda wa Ujerumani awe wa kwanza, kwa sababu ndiye anayeshika mwendo na hahitaji kumsikia mtu ili aushike. Kinanda chake kinafika Moshi. Sauti ya kwanza na ya pili zinaimba juu yake kana kwamba kinanda kimo chumbani. Kinanda na sauti hizo, vikiwa vimechanganywa, vinapelekwa Arusha, ambako sauti ya tatu na ya nne zinaimba juu ya kile wanachokisikia kwenye hedifoni. Mchanganyiko wa mwisho unatoka Arusha kwenda kwa wasikilizaji, nao wanasikia wimbo uliopatana tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama kinanda kilipigwa nusu sekunde au sekunde nzima kabla ya besi kuitikia. Ucheleweshaji haujaondoka, umewekwa mahali ambapo haumdhuru yeyote.

Njia hii ina gharama, nawe ni mwalimu, utaiona mara moja. Moshi haiwasikii wa Arusha, na mpiga kinanda hamsikii mtu yeyote. Hawezi kumngoja anayevuta pumzi. Kwa hiyo mapumziko yote, pale mnapotulia na pale mnapokaza, lazima yakubaliwe na kuandikwa kabla, na mpiga kinanda ayapige kama yalivyoandikwa hata kama moyo unamtuma vingine. Chagueni nyimbo zenye mwendo ulionyooka. Nyimbo za kuitikiana, ambamo mmoja anaanzisha na kundi linapokea, zinakubali mpangilio huu vizuri sana. Na kwa ngoma zinazozunguka mdundo uleule kuna programu iitwayo NINJAM, iliyotolewa mwaka 2005, ambayo badala ya kupigana na ucheleweshaji inaurefusha hadi ulingane na mzunguko mzima wa mdundo, hivi kwamba kila mpigaji anapiga juu ya mzunguko uliopita wa wenzake. Kwa tenzi haifai hata kidogo. Kwa wapiga ngoma waliozoea kuzunguka, inafurahisha kuisikia ikifanya kazi.

Shikamoo. Mimi ni kijana wa Usa River, na tuna kikundi cha maigizo chenye waigizaji Arusha, Moshi na Tabora. Nauli imetushinda. Nimesikia kwamba kuna majukwaa ya maigizo ndani ya kivinjari. Je, ni kweli, na yanafaa kwa mtu wa bando dogo?

Marahaba, kijana wangu. Ni kweli, tena si jambo la jana. Jukwaa linaloitwa UpStage lilizinduliwa Januari 2004 nchini New Zealand, na miongoni mwa waanzilishi wake ni msanii Helen Varley Jamieson, ambaye alikuwa tayari amefanya maonyesho ya aina hii kwa miaka kadhaa. Toleo la zamani lilitegemea Flash, teknolojia iliyofikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020, na jukwaa likajengwa upya kwa teknolojia za wavuti za sasa. Programu yake ni huria, na mtazamaji hasakinishi chochote: anafungua kiungo tu, jukwaa liko mbele yake, na pembeni ana mahali pa kuandika.

Kinachonivutia kwenye jukwaa hili ni namna linavyobana matumizi. Waigizaji hutumia michoro: mandhari, wahusika, vifaa. Mchoro unapakuliwa mara moja kwenye simu ya mtazamaji. Baada ya hapo mwigizaji wa Tabora anapomsogeza mhusika wake kutoka mlangoni hadi kisimani, kinachosafiri ni agizo fupi tu la maandishi linaloeleza mhusika ni yupi na aende wapi, wala si picha mpya. Mchezo wa saa nzima kwa mtindo huo, pamoja na sauti, unaweza kutumia sehemu ndogo tu ya bando ambalo video ingelimaliza. Video mubashara nayo inaweza kuingizwa mkitaka, ila ningewashauri muanze bila hiyo. Nyuso zilizopangwa ndani ya visanduku hukumbusha kikao cha kazi, na mtazamaji huchoka nazo mapema. Michoro yenye sauti nzuri nyuma yake humwachia kazi ya kufikiri, kazi ambayo wapenzi wa michezo ya redioni wameifanya kwa furaha miaka yote.

Mkiamua kutumia sura zenu wenyewe, kila mwigizaji afungue kiungo cha VDO.Ninja kwenye kivinjari cha simu yake, na picha yake itaingia moja kwa moja kwenye OBS Studio, programu ya kuchanganya na kurusha video, kwenye kompyuta ya mwongozaji, ambaye ataipanga jukwaani na kurusha picha moja iliyokamilika. Programu zote mbili ni za bure. Zinawezekana kwa sababu ya WebRTC, teknolojia ambayo Google iliifungulia umma mwaka 2011 na ambayo ilithibitishwa kuwa kiwango rasmi cha wavuti Januari 2021. Hiyo ndiyo inayoviwezesha vivinjari viwili kupelekeana sauti na picha kwa chini ya nusu sekunde mtandao ukiwa mzuri.

Zingatia hilo la nusu sekunde, kwa sababu linaamua aina ya mchezo mnaoweza kuuonyesha. Matangazo ya kawaida ya video husambazwa kwa mtindo wa HLS, uliotolewa na Apple mwaka 2009, ambao hukata video kuwa vipande vya sekunde kadhaa na kumtaka mtazamaji awe na vipande kadhaa mkononi kabla ya kuanza kuonyesha. Faida yake ni kwamba vipande hivyo ni faili za kawaida, na maelfu ya watu wanaweza kuvipata bila seva kuzidiwa. Hasara yake ni kuchelewa kwa sekunde 20 hadi 30. Sasa msimuliaji wenu anasema "Paukwa!" na anangoja. Kwenye WebRTC, au kwenye jukwaa kama UpStage, "Pakawa!" za watazamaji zinamiminika mara moja na hadithi inaanza ikiwa na moto. Kwenye HLS zinafika wakati sungura ameshaingia shambani. Mkitaka hadhira ijibizane nanyi, lipeni gharama ya njia ya haraka na mkubali hadhira ndogo. Mkitaka watu wengi watazame tu, tumieni njia ya polepole na msiwaulize chochote kinachodai jibu papo hapo. YouTube ina mpangilio wa kupunguza ucheleweshaji hadi chini ya sekunde 5, nao unafaa kwa ngonjera na michezo yenye vituo virefu, ingawa mtandao wa mtazamaji ukiyumba picha itakwama upesi zaidi.

Ninaendesha ukumbi mdogo Njiro, Arusha, na hurusha ngoma na mashairi kwa simu. Picha hukwama, jamaa walio nje wanalalamika, na bando linaisha. Nifanye nini? Nihesabu vipi gharama?

Dada, hesabu ni rahisi ukishajua unarusha kilobiti ngapi kwa sekunde. Megabiti 2 kwa sekunde, zinazotosha picha nzuri ya kawaida, hula takriban MB 900 kwa saa. Kilobiti 500 kwa sekunde, picha ndogo lakini inayoeleweka, hula MB 225. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 hula chini ya MB 30. Kila mtazamaji naye hutumia kiasi kama hicho kwa bando lake, kwa hiyo unapopandisha ubora unawatoza na wao.

Picha hukwama kwa sababu simu inajaribu kurusha zaidi ya inachoweza kupakia. Kasi inayotangazwa kwa herufi kubwa ni ya kupakua, na wewe unahitaji ya kupakia. Ipime ukiwa ukumbini, saa ileile ambayo onyesho litafanyika, kwa kuwa mnara usio na watu asubuhi huelemewa jioni. Kisha rusha kwa nusu ya kasi uliyoipata. Ukipima megabiti 2, weka megabiti 1. Nusu iliyobaki si hasara. Ndiyo inayokuokoa mnara unapoelemewa katikati ya shairi.

Hata hivyo ningeanza na sauti kabla ya picha. Watazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini sauti inayokatika huwafukuza, na kwa mashairi sauti ndiyo kazi yenyewe. Maikrofoni ya simu imewekewa mipaka ya sauti ya mazungumzo: ngoma kubwa inapopigwa, simu inashusha kila kitu, na mshairi anayefuata anasikika kama yuko chumba cha pili. Chukua sauti kutoka kwenye mixa ya ukumbi kwa waya hadi kwenye simu au kompyuta, kwa kutumia kadi ndogo ya sauti, na uweke maikrofoni moja ya ziada inayotazama watu ili vigelegele na makofi visikike. Bila vigelegele, ngoma huonekana kama mazoezi.

Mengine kwa haraka. YouTube haitakuruhusu kurusha kwa simu hadi uwe na wafuatiliaji 50, na kibali cha kwanza kinaweza kuchukua saa 24, kwa hiyo usikiombe siku ya onyesho. Kuwa na laini ya mtandao wa pili. Ruta iwe na betri yake, maana umeme ukikatika si lazima onyesho nalo likatike. Na rekodi onyesho zima pale pale ukumbini kwa ubora wa juu, lolote litokee. Mwezi Mei 2024 hitilafu kwenye mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilizorotesha intaneti nchini mwetu na kwa majirani kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo, mwenye rekodi safi bado ana kitu cha kuwapa jamaa zake.

Je, tukiimba nyimbo za wengine mtandaoni tunahitaji kibali? (Moshi)

Ndiyo, wimbo wa mtu unabaki kuwa wake hata ukiimbwa sebuleni kwako na kurushwa kwa simu. Msingi ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na pa kuanzia ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kuhusu leseni za maudhui ya mtandaoni, kanuni zilitungwa mwaka 2018, zikatungwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, basi msitegemee maelezo ya rafiki aliyeomba zamani; nendeni ofisi ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ya Kanda ya Kaskazini iliyoko Arusha, mueleze mnachotaka kurusha na kama mtatoza kiingilio. Kumbukeni pia kwamba YouTube hukagua matangazo mubashara, na ikitambua kazi ya mwingine inaweza kuyakatiza katikati. Muziki uliorekodiwa unaopigwa ukumbini wakati wa mapumziko huponza wengi kuliko nyimbo zenyewe.

Tulitangaza onyesho la "saa 2 usiku", na ndugu zetu wa Ulaya wakakosa. Tuandikeje? (Sakina, Arusha)

Andikeni saa kwa namna mbili kwenye tangazo lilelile: saa 2 usiku, na chini yake 20:00 kwa saa za Afrika Mashariki, kwa sababu kijana aliyekulia huko husoma "saa 2 usiku" na kudhani ni usiku wa manane. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto, na saa zao hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Onyesho likiangukia karibu na tarehe hizo, watumieni kiungo chenye saa inayohesabu kurudi nyuma, na mfungue matangazo robo saa kabla, ngoma ikisikika kwa mbali, ili anayefika mapema ajue kwamba hajapotea.